Anayewapa Wenzake Sauti

Uhakiki wa konseto ya obo ya John Corigliano

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthiliya. Safari hii naomba ruhusa yako nihakiki kazi isiyo na neno hata moja. Ni muziki, tena ule muziki ambao wengi wetu, kuanzia hapa Kidodi hadi Mikumi na Kilosa mjini, tukiusikia redioni tunabadili stesheni haraka tukitafuta taarabu, bongo fleva au mpira.

Wenzangu wa kijiweni wameshaniuliza: wewe unayesema unaandika riwaya, muziki wa watu waliovaa makoti meusi unakuhusu nini? Swali ni halali na lazima lijibiwe kabla hatujaenda mbali. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba ile fimbo nyeusi anayoipuliza mpigaji, kwa kawaida, imechongwa kwa mpingo, mti wetu huu huu unaoota katika mapori makavu ya mkoa huu na mikoa ya kusini. La pili ni kwamba konseto ni kazi ya sanaa inayomweka mtu mmoja mbele ya watu wengi, ikauliza itakuwaje. Mwandishi wa riwaya naye kazi yake ni hiyo hiyo.

Jibu la kwanza ndilo watu wanalolipenda zaidi. Ukimwambia mtu kwamba obo ni mpingo, macho yanamwaka: "Kumbe ni yetu!" Mimi nasema tusikimbilie hapo. Nitaeleza kwa nini, lakini tuihakiki kazi yenyewe kwanza.

MTUNZI NA KAZI YAKE

John Corigliano ni Mmarekani, amezaliwa New York mwaka 1938. Baba yake, ambaye jina lake ni hilo hilo, alikuwa fidla wa kwanza wa okestra kubwa ya mji huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto alikulia, kwa hiyo, karibu kabisa na jukwaa. Baadaye alikuja kupata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu inayohusu fidla nyekundu, na mwaka 2001 akapata tuzo ya Pulitzer kwa simfoni yake ya pili. Konseto tunayoizungumzia ilikuja zamani kidogo, mwaka 1975. Aliitunga kwa ajili ya mpiga obo Bert Lucarelli, na ikapigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York.

Kwa asiyefahamu: konseto ni utungo ambamo chombo kimoja kinasimama mbele kama solo na kundi la vyombo linakijibu, linakisindikiza au linakibishia. Kundi linaweza kuwa dogo, la nyuzi peke yake, kama alivyofanya Mwingereza Vaughan Williams katika konseto yake ya obo ya mwaka 1944. Linaweza pia kuwa okestra, kama alivyofanya Richard Strauss wa Ujerumani mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 81, baada ya askari mmoja wa Kimarekani aliyekuwa mpiga obo kumuuliza kama amewahi kufikiria kuandika konseto ya chombo hicho. Mzee alijibu hapana. Kisha akaandika.

Sisi watu wa Morogoro tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kabisa. Mbaraka Mwinshehe alipokuwa na Morogoro Jazz, gitaa lake la solo lilikuwa likifanya nini? Lilikuwa linasimama mbele ya ridhimu, besi na ngoma, likasema lake, likarudi kwa wenzake, likatoka tena. Aliyewahi kusikiliza wimbo wa dansi hadi ule mwisho unaochemka anayo masikio ya kusikilizia konseto. Tofauti ni urefu na namna ya kupanga.

Na obo ni nini? Ni ndugu wa zumari. Nyote mnalijua zumari la pwani, lile linaloambatana na ngoma. Wafaransa wa karne ya 17 walichukua zumari la kelele lililokuwa likipigwa nje, kwenye gwaride na sherehe, wakalichonga upya mpaka likaweza kuingia chumbani bila kumpasua mtu masikio. Kinachotoa sauti ni vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja. Mpigaji anavibana kwa midomo na kupuliza. Tete hilo ni la jamii ya nyasi, ukoo mmoja na matete ya kando ya Ruaha hapa kwetu, na ukoo mmoja na muwa. Sauti yake ni nyembamba, ina pua kidogo, na inapenya. Hata katikati ya vyombo sitini utaisikia.

FANI: MUUNDO

Konseto hii ina sehemu tano. Nitazitaja kwa Kiswahili: Mchezo wa Kulinganisha Sauti, Wimbo, Skezo, Aria, na Ngoma ya Raita. Jumla yake ni kama dakika ishirini na tano na ushee. Muundo si wa moja kwa moja, maana yake kila sehemu haiendelezi kisa cha iliyotangulia. Kila moja inakuonyesha upande mwingine wa mhusika yule yule. Katika lugha ya darasani tungesema mhusika mkuu ni bapa au duara? Huyu ni duara, tena duara hasa.

Sehemu ya kwanza ndiyo ufunguo. Ili uielewe lazima ujue desturi moja. Kabla okestra haijaanza kupiga, huwa kuna kimya, kisha obo inatoa sauti moja ndefu, ile inayoitwa A, yenye mitetemo karibu 440 kwa sekunde. Wote wengine, wenye fidla, wenye tarumbeta, wenye filimbi, wanalinganisha vyombo vyao na sauti hiyo. Kwa nini obo? Kwa sababu sauti yake inapenya na haiyumbi. Hiyo kazi haipigiwi makofi. Wasikilizaji wakati huo wanatafuta viti vyao, wanakohoa, wanasoma karatasi ya ratiba.

Aliyeimba kwaya kanisani ataelewa. Mwalimu anasimama, anatoa do, mi, so, do. Soprano wanachukua yao, alto yao, tena yao, besi yao. Halafu wimbo unaanza na mwalimu mwenyewe haimbi.

Corigliano amechukua kitendo hicho cha kabla ya muziki akakifanya muziki. Obo inatoa sauti ya kulinganishia, wenzake wanaifuata kama kawaida. Kisha inatoa sauti nyingine. Na nyingine tena. Wenzake wanakimbizana nayo, kundi hili linashika hii, kundi lile linashika ile, mpaka unagundua kwamba kazi ya utumishi imegeuka mchezo, na mtumishi ndiye anayeucheza. Mara ya kwanza niliposikiliza, kwenye spika ya simu, usiku bando likiwa rahisi, nilidhani hawajaanza. Nikasubiri waanze. Ilikuwa dakika nzima kabla sijatambua kwamba wameshaanza na mimi ndiye ninayechezewa. Hiyo ni mbinu ambayo mwandishi yeyote wa hadithi angefurahi kuwa nayo: kumwingiza msomaji ndani ya kisa kabla hajajua kwamba kisa kimeanza.

Sehemu ya pili, Wimbo, ni tulivu. Obo inaachwa itoe mstari mrefu wa sauti usio na mapambo mengi. Hapa ndipo msikilizaji mpya angeanzia, kwa ushauri wangu. Sehemu ya tatu, Skezo, ni ya haraka na yenye utundu. Humo mpigaji anapanga vidole kwa namna isiyo ya kawaida na kubadili pumzi hadi obo moja inatoa sauti mbili tatu kwa mpigo, sauti zenye mikwaruzo, kama mlango unaolalamika. Wengi watasema ni kelele. Mimi inanikumbusha marehemu Euphrase Kezilahabi alipoacha usimulizi ulionyooka na kuandika Nagona mwaka 1990. Wasomaji walilalamika vile vile: hadithi iko wapi? Lakini kuna hali ya binadamu ambayo sauti moja iliyonyooka haiwezi kuibeba. Mtu aliyegawanyika ndani huwa na sauti mbili, na mtunzi mkweli hawezi kumwandikia moja.

Sehemu ya nne, Aria, inamfanya mpigaji awe kama mwimbaji wa opera anayesimama peke yake akilia mbele ya watu. Ni sehemu nzito kuliko zote. Na ya tano ni Ngoma ya Raita, ambayo nitaijadili kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotuhusu sisi.

MAUDHUI

Je, kazi isiyo na maneno ina maudhui? Shuleni tulifundishwa kutafuta dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Kwa muziki vipimo hivi vinabana kidogo, kama kiatu cha kuazima, lakini vinatembeka.

Dhamira ninayoiona ni hii: yule anayewapa wengine sauti, yeye mwenyewe ana sauti gani? Obo ndiyo inayoweka kipimo cha wote, halafu usiku mwingi inakaa katikati ya okestra bila mtu kuigeukia. Konseto inaitoa mbele na kuiuliza: haya, sema. Na inaposema, inajikuta haina sauti moja. Ina sauti ya kazi (sehemu ya kwanza), sauti ya upole, sauti iliyopasuka, sauti ya kilio, na mwisho kabisa sauti ya ukoo.

Mgogoro upo wa nje na wa ndani. Wa nje ni kati ya mmoja na wengi. Msomaji wa Shaaban Robert atakumbuka Karama katika Kusadikika, mtu mmoja aliyesimama mbele ya baraza zima akijitetea kwa maneno siku baada ya siku. Konseto nayo ni baraza. Karama hakuwa na jeshi. Alikuwa na simulizi. Obo haiwezi kuishinda okestra kwa nguvu, maana tarumbeta mbili tu zikiamua zinaifunika. Silaha yake ni kwamba inapenya na ina pumzi ndefu. Hapa kuna somo kwa sisi tunaoandika wahusika wanyonge: mnyonge wetu mara nyingi anashinda kwa bahati, au kwa tajiri kufa ghafla kwa ajali ya gari. Hatumtafutii nguvu iliyo yake mwenyewe.

Mgogoro wa ndani ni ule wa adabu na asili. Obo ni zumari lililosomeshwa. Limefundishwa kukaa vizuri, kupuliza kwa kipimo, kutopiga kelele. Lakini asili yake ni barabarani, kwenye vumbi na ngoma. Sehemu nne za kwanza ni za obo msomi. Ya tano ni ya zumari.

NGOMA YA RAITA NA ZUMARI LETU

Raita ni zumari la Moroko. Corigliano aliisikia huko, ikampendeza, akaamua konseto yake iishie kwa sauti hiyo. Sasa angalia jinsi anavyofanya. Katika upigaji wa kawaida wa obo, midomo inalibana tete na kuliongoza. Ndiyo inayoleta upole. Katika Ngoma ya Raita mpigaji anatakiwa aingize tete ndani zaidi ya kinywa, midomo isiliguse pale linapotetemeka. Kizuizi kinaondoka. Sauti inatoka kali, pana, ya nje. Mtu aliyekuwa amevaa koti jeusi anasikika kama amevua viatu.

Watu wa huko wanaiona kuwa mbinu ya pekee, jambo la kujifunza kwa mazoezi. Lakini mpiga zumari wa Lamu, Mombasa, Unguja au Pemba hajui namna nyingine. Zumari la pwani lina kisahani kidogo chini ya tete. Mpigaji anaegemeza midomo yake pale, tete linabaki huru ndani ya kinywa, mashavu yanajaa kama amebeba embe kila upande. Anavuta hewa kwa pua huku akiendelea kupuliza kwa mdomo, hivyo sauti haikatiki. Nyuma yake kuna chapuo, kuna vumi, kuna upatu. Yaani yuko solo mbele, kundi nyuma, wanajibizana. Mtu akitaka kuiita hiyo konseto simzuii.

Nasema haya nikijua hatari yake. Ni rahisi mno kuishia kwenye kifua mbele: "Walichogundua 1975 sisi tunacho tangu babu." Sawa, tunacho. Lakini wapigaji wa zumari leo si wengi, na vijana wanaojifunza ni wachache zaidi. Anayejivunia kitu asichokipiga, asichokisikiliza na asichokiandika anajivunia jina tu.

KUFAULU NA KUTOFAULU KWA MTUNZI

Mtunzi amefaulu sana katika fani. Ile hila ya mwanzo peke yake inatosha kumpa heshima. Pia amefaulu kumjenga mhusika bila maneno. Ukimaliza kusikiliza unamjua obo kama unavyomjua mtu wa kijijini kwenu: unajua akiwa kazini yukoje, akiwa peke yake yukoje, akiudhiwa yukoje.

Pale ambapo sikubaliani naye ni kwenye mgawanyo. Angalia alivyowagawia hisia. Upole umepewa Wimbo, na kilio kimepewa Aria, ambayo ni umbo la opera ya Ulaya. Moroko imepewa nini? Imepewa ngoma ya kumalizia. Afrika inaingia wakati wa kucheza. Inaingia mwisho, inachangamsha watu, makofi yanapigwa, wanakwenda nyumbani. Kama vile raita haijui kulia! Kama vile kule inakotoka haipigwi ila kwa furaha tu!

Hili si kosa la Corigliano peke yake. Ni ugonjwa wa zamani, na sisi wenyewe tunao. Tazama shuleni kwetu mgeni rasmi anapokuja: risala inasomwa kwa sauti ya huzuni na heshima, matatizo yanatajwa, halafu kikundi cha ngoma kinaitwa "kuburudisha". Fikra nzito zimewekwa kwenye karatasi. Ngoma imewekwa kwenye burudani. Lakini kila mmoja wetu amekwenda matangani akaona ngoma ikibeba msiba ambao risala isingeubeba.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, mfano upo hapa jirani. Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandika mwaka 1988 utungo wa nyuzi nne, yaani fidla mbili, viola na selo, unaoitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, maana yake Katika Njia ya Msalaba. Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliurekodi katika albamu ya nyimbo za watunzi wa Afrika iliyotoka mwaka 1992. Sikiliza sehemu ya kwanza: mwendo ni wa ngoma za Buganda, nyuzi zinachotwa na kudokolewa kama ala za kwao, mtu anaweza kucheza. Na bado ni Njia ya Msalaba. Tamusuza hakuona sababu ya kuiacha ngoma mlangoni ili aingie kwenye mateso. Kwake mateso yanatembea kwa mwendo huo huo wa ngoma.

Nikiwapima wawili hawa kwa fani, huenda Mmarekani ana vitu vingi zaidi mkobani. Lakini kwa jambo hili moja, la kujua kwamba ngoma inaweza kufikiri, Mganda amemzidi. Corigliano alikwenda Moroko kama mgeni mwenye masikio mazuri. Tamusuza hakuwa mgeni kwenye ngoma yake.

TUNAUZA NINI?

Sasa nirudi kwenye mpingo kama nilivyoahidi.

Mpingo ni mti wa polepole. Husemwa kuwa miaka 70 hadi 100 hupita kabla haujafaa kuvunwa kwa kazi ya vyombo. Kiini chake ni cheusi, kizito kiasi cha kuzama majini, na hakiharibiki upesi kwa unyevu wa pumzi; ndiyo maana watengenezaji wa obo na klarineti wanautafuta. Tanzania ni mojawapo ya nchi chache zinazoupeleka nje kwa ajili hiyo. Unapasuliwa, unakatwa vipande vidogo vya kipimo maalumu, unapakiwa, unakwenda Ulaya. Huko unakaushwa, unatobolewa, unawekewa vifunguo vya fedha, na bei inapanda mara nyingi sana.

Sisi wa Kidodi tuko mahali pazuri pa kuelewa jambo hili kuliko watu wengi. Muwa unaoota hapa haundoki kama muwa. Unakatwa, unapandishwa kwenye malori, unaingia kiwandani Ruembe, na kinachotoka ni sukari. Tunaona moshi, tunanusa molasi, tunajua kwamba kati ya shamba na sukari kuna kazi, kuna maarifa, kuna moto. Hakuna mtu wa hapa anayeshika muwa mkononi akadai ameshika kilo ya sukari.

Lakini kwenye sanaa tunadai hivyo kila siku. Mwandishi chipukizi anakusanya methali kumi za bibi, anaongeza mzimu mmoja wa mlima Vidunda, anaziweka kwenye kurasa sita na kuziita hadithi fupi. Ukimwuliza iko wapi kazi yake mwenyewe, anakujibu: "Huu ni utamaduni wetu." Ndugu yangu, huo ni mpingo. Ni mpingo mzuri, wa miaka mia. Bado haujawa obo. Halafu anakuja mtu wa mbali, anasikiliza kwa makini, anachonga, anatoboa, anapiga, na sisi tunabaki kusema mti ulikuwa wetu.

Kuna jambo moja linanichekesha na kunifundisha. Mwaka 2017 miti yote ya jamii ya mpingo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ule unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2019 nchi wanachama zikaamua kwamba vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viachwe vipite. Kwa hiyo leo obo iliyokamilika inavuka mpaka bila kuulizwa karatasi hizo. Kipande cha mti ndicho kinachoulizwa. Hata sheria inajua tofauti kati ya kitu kilichofanyiwa kazi na kisichofanyiwa.

Sisemi tuache methali wala mizimu. Corigliano naye hakutoa sauti yake hewani. Alichukua jambo la kawaida kuliko yote, watu kulinganisha vyombo, jambo alilolisikia tangu utotoni kwa kazi ya baba yake, akaling'ang'ania mpaka likatoa maana. Sisi tuna mambo mangapi ya kawaida namna hiyo? Mizani ya miwa. Foleni ya kupokea malipo ya mkulima wa nje. Kondakta wa basi la Ifakara anapoita abiria pale njia panda ya Mikumi, sauti ile ile, maneno yale yale, kila siku ya Mungu. Nani amewahi kulishika mojawapo ya haya akakaa nalo kurasa mia?

HITIMISHO

Kwa kifupi, konseto hii ni kazi kubwa. Ina upungufu mmoja ambao kwetu si mdogo: imeipa Afrika miguu na kuinyima machozi. Mtu asiisikilize kwa sababu obo ni mpingo. Aisikilize kwa sababu inamchukua mtumishi asiyetazamwa na kumfanya mhusika, na kwa sababu inaonyesha kwamba sauti ya zamani iliyofichwa chini ya adabu haifi. Halafu, akishaipenda, aikasirikie kidogo, kama nilivyofanya mimi.

Atakayejaribu, ushauri wangu ni huu. Tumia visikilizio vya masikioni, maana spika ya simu inakula sauti za chini. Anza na Wimbo, kisha rudi mwanzo, kisha endelea hadi mwisho bila kuruka Skezo. Baada ya hapo tafuta zumari la pwani na chapuo na vumi yake, usikilize siku hiyo hiyo kabla masikio hayajasahau. Utajua mwenyewe nani ni mzazi na nani ni mtoto.

Na kwa wale wenye kipaji cha kutunga muziki, walioko Bagamoyo, Unguja au kwenye kwaya zetu za parokia, nina ombi. Tuandikieni utungo wa zumari na ngoma ambao hautaishia kwenye kuchangamsha wageni. Uanze na msiba kama mkipenda. Sisi wa upande wa riwaya tutajitahidi kwa upande wetu.

Anayetaka kunipinga anakaribishwa, ila asikilize kwanza ndipo ashike kalamu. Kurasa zipo.